Saa ya kuingia kwenye kompyuta mara ya mwisho: mfanyakazi aonyeshwe au asionyeshwe?

Bandugu, natunza seva za kampuni moja ya malori hapa Lubumbashi. Nataka kila mtu akiandika neno la siri asubuhi aone kwanza akaunti yake ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na mara ngapi mtu alijaribu akashindwa. Mfumo wa Linux umeonyesha mstari wa habari hizo miaka mingi. Windows inaweza pia, mradi domeni, yaani mtandao wa akaunti za kampuni, iwekwe kwenye kiwango cha Windows Server 2008 kwenda mbele, la sivyo watu watazuiwa kuingia kabisa.

Tuliiwasha kwa majaribio kwenye mashini tano. Jumatatu mama wa uhasibu akaniita: skrini ilisema ameingia Jumamosi saa tatu na dakika arobaini usiku. Jumamosi ile alikuwa harusini Katuba, na kitenge cha sare bado kilikuwa mfukoni chini ya meza yake. Neno lake la siri lilikuwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Mimi nisingeshtuka kamwe. Kwenye seva jina lilikuwa sahihi na neno la siri sahihi. Yeye peke yake ndiye aliyejua hakuwepo.

— Yaya, kwa heshima, napinga. Leo ni usalama, kesho shefu anahesabu nani amechelewa na kukata mshahara. Halafu watu watazoea. Wiki mbili tu, kila mtu anabonyeza na kupita bila kusoma.

— Sisi programu ya stoo iko kwenye seva ya Kinshasa, nyuma yetu kwa saa moja. Kijana wetu aliingia saa mbili asubuhi, kesho yake akaonyeshwa saa moja. Alikuja ofisini kwangu anatetemeka, anadhani ameibiwa akaunti.

Asanteni. Ya Kinshasa ni kweli kabisa: saa iandikwe ya Lubumbashi, au mstari usiwekwe. Lakini mdogo wangu, habari za kuingia kwako shefu anazo tayari, zimo kwenye seva hata usipoonyeshwa. Anayenyimwa ni wewe, na kesi ya pesa ikitokea jina litakalosomwa ni lako. Hilo siwezi kulikubali.

La kuzoea limenigusa, sina jibu. Mliokwisha kuiwasha, watu wenu waliusoma mstari ule kwa muda gani?