Vaux-le-Vicomte: kwa nini kasri la Fouquet halikuishia mikononi mwa mfalme?

Mwalimu wa Mwanza aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Ninafundisha historia kidato cha tano. Tulipofika kwenye utawala wa Louis XIV wa Ufaransa niliwasimulia wanafunzi kisa cha Nicolas Fouquet, Msimamizi Mkuu wa Fedha za ufalme, aliyejenga kasri la Vaux-le-Vicomte karibu na mji wa Melun, akamkaribisha mfalme kwenye karamu tarehe 17 Agosti 1661, na siku 19 baadaye akakamatwa. Binti mmoja akaniuliza: baada ya mwenye nyumba kufungwa maisha, nyumba ilikwenda kwa nani? Nilimjibu kwamba mfalme aliitwaa. Jioni ile nikasoma kwamba kasri hilo hadi leo ni mali ya familia binafsi, na kwamba limepita mikononi mwa koo kadhaa zisizo na udugu na Fouquet. Sipendi kumwacha mwanafunzi na jibu la uongo nililompa mwenyewe. Naomba mwenye kuufahamu mfululizo wa wamiliki anieleze, na hasa anieleze ilikuwaje mfalme aliyemfunga mtu asiichukue na nyumba yake.

Mzee wa Maktaba alijibu:

Mwalimu, mfalme alichukua vitu, hakuchukua nyumba, na sababu kubwa ya jambo hilo ni mke wa Fouquet.

Fouquet alinunua ardhi ya Vaux mwaka 1641, akiwa kijana mwenye kazi nzuri mahakamani. Mwaka 1651 alimwoa Marie-Madeleine de Castille, binti wa familia tajiri, na miaka mitano baadaye ujenzi wa kasri tunalolijua ukaanza. Louis Le Vau alichora jengo lenye kuba, Charles Le Brun akasimamia michoro na mapambo ya ndani, na André Le Nôtre akapanga bustani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote tatu, kwa kuwa aliipima ardhi na macho ya mtazamaji kwa namna ambayo mfereji mpana wa maji hauonekani kutoka kasrini mpaka uukaribie. Katika kijiji cha Maincy kilichokuwa jirani Fouquet alifungua karakana ya kufuma mazulia ya ukutani.

Baada ya kukamatwa kwake, mazulia, sanamu na michungwa vilichukuliwa kwa ajili ya majumba ya mfalme. Mafundi wa Maincy walihamishiwa Paris, kwenye karakana ya Gobelins. Na wale mabingwa watatu wakapewa kazi Versailles, kwenye kasri la mfalme mwenyewe. Ardhi na kuta, hata hivyo, ziliwekwa chini ya zuio la mahakama, kwa sababu Fouquet alikuwa na wadai wengi sana. Cheo chake kilimlazimu kuikopea serikali fedha kwa jina lake mwenyewe, hivyo madeni ya ufalme na madeni ya nyumbani kwake yalikuwa yamefungamana. Miongoni mwa wadai hao alikuwamo mkewe, ambaye mali aliyokuja nayo katika ndoa ilikuwa imetengwa na mali ya mumewe. Alifukuzwa Paris akapelekwa Limoges, watoto wakatengwa naye, lakini hakuacha kudai, na mwaka 1673 akarudishiwa Vaux. Mumewe alikuwa bado hai, amefungwa katika ngome ya Pignerol milimani, na huko ndiko alikofia mwaka 1680.

Fanya hesabu, mwalimu. Fouquet aliimiliki Vaux kwa miaka 20, na kasri lenyewe hakulikalia kwa amani hata kidogo. Bibi huyu aliishikilia miaka 32 baada ya kurudishiwa. Aliiachia mwaka 1705, baada ya mwanawe mkubwa kufariki bila kuacha mtoto. Inanisikitisha kwamba masimulizi mengi huishia kwenye karamu na kumwacha yeye nje kabisa.

Kuhusu karamu yenyewe, tafadhali warekebishie wanafunzi jambo moja. Husemwa kwamba mfalme aliona wivu usiku ule, akiwa anatazama fataki na mchezo mpya wa jukwaani wa mwandishi Molière, ndipo akaamua kumwangusha mwenyeji wake. Uamuzi ulikwishafanywa miezi kadhaa kabla. Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa mfalme, alifariki Machi 1661 akiacha utajiri wa takriban livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) milioni 35, ambao asili yake isingestahimili uchunguzi, na Colbert, aliyekuwa mtunza mali zake, alihitaji mtu wa kubebeshwa lawama ya hazina iliyokauka. Fouquet alishawishiwa kuuza wadhifa wake wa mwendesha mashtaka mkuu katika mahakama kuu ya Paris, wadhifa ambao ungempa haki ya kushtakiwa mbele ya wenzake wa mahakama hiyo tu. Kesi ilichukua miaka mitatu. Majaji 13 walitaka afukuzwe nchini, 9 walitaka auawe, na mfalme akaigeuza hukumu ya kufukuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Bi Tarehe alijibu:

Namshukuru Mzee wa Maktaba, nami naendelea pale alipoishia.

Mnunuzi wa mwaka 1705 alikuwa Jemadari Claude de Villars, ambaye baadaye alishinda vita vya Denain mwaka 1712. Alikuwa mtu wa vita na wa fahari, na mahali hapo pakaanza kuitwa Vaux-le-Villars. Mwanawe hakuwa na mapenzi yale na bustani. Chemchemi za kurusha maji ziliachwa zikauke, na mabomba ya risasi yaliyopita chini ya ardhi yakang'olewa na kuuzwa. Mwaka 1764 akaiuza milki yote kwa Duke wa Praslin, wa ukoo wa Choiseul, waziri wa Louis XV, na jina likabadilika tena kuwa Vaux-Praslin. Ukoo huo ulikaa zaidi ya miaka mia moja na kuvuka Mapinduzi ya 1789 bila kasri kubomolewa, jambo ambalo majirani wengi wenye vyeo hawakulipata.

Lililowashinda ni msiba wao wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1847, Duke Charles de Choiseul-Praslin alimuua mkewe Fanny Sebastiani, mama wa watoto wao wengi, kisha akanywa sumu na kufa siku chache baadaye kabla ya kuhukumiwa. Wasomaji wengi hudhani mauaji yalifanyika Vaux. Yalifanyika Paris, katika nyumba ya mjini, muda mfupi baada ya familia kutoka Vaux. Raia waliona kwamba mkubwa amelindwa asifike mbele ya sheria, na hasira hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoudhoofisha ufalme wa Louis-Philippe, ulioanguka Februari 1848. Kasri likafungwa na nyasi zikafunika njia za bustani kwa karibu miaka 30.

Mzaliwa wa Lubumbashi alijibu:

Ndugu zangu, naomba niongeze sehemu ya mwisho, kwa kuwa inagusa hata kwetu.

Mwaka 1875 milki hiyo ilipigwa mnada, ikanunuliwa na Alfred Sommier, mwenye viwanda vya kusafisha sukari. Hakuwa na cheo cha kurithi wala nasaba ya kasri, lakini alitumia maisha yake yote yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 1908, kuirudisha Vaux katika hali yake. Hakukuta kiti wala zulia. Alinunua samani za zama zile moja baada ya nyingine. Jengo alimkabidhi msanifu Destailleur, na bustani akamkabidhi Élie Lainé, aliyefuata michoro ya zamani iliyochapishwa enzi za Fouquet. Kwa hiyo mgeni anayeisifu kazi ya Le Nôtre leo anasimama pia juu ya kazi ya Lainé na juu ya fedha za sukari.

Lainé huyohuyo ndiye aliyemfanyia kazi mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi, na bustani ya Tervuren karibu na Brussels, ilipofanyika maonyesho ya kikoloni ya mwaka 1897, ni ya mkono wake. Wakongo 267 walipelekwa kwenye maonyesho hayo watazamwe, na saba wakafia huko. Ninaishi Brussels na ninapita Tervuren mara kwa mara; siwezi kuziona zile njia zilizonyooka bila kuwakumbuka, na sidhani kama inafaa kuzisimulia bustani hizi bila kuuliza fedha yake ilitoka wapi, iwe ni kodi za Wafaransa wa 1661 au utomvu wa miti ya mpira wa Kongo.

Wazao wa Sommier, ukoo wa de Vogüé, ndio wenye milki hadi sasa. Patrice de Vogüé alipewa kasri mwaka 1967 alipooa, na mwaka 1968 yeye na mkewe wakalifungulia wageni.

Mwalimu wa Mwanza aliandika:

Nawashukuru nyote. Limebaki swali moja la lugha: niliite kasri tu, au kuna neno linalojumuisha na ardhi?

Mzee wa Maktaba alijibu:

Mwalimu, "kasri" ni jengo peke yake, na kilichouzwa 1705, 1764 na 1875 kilikuwa jengo, bustani, msitu na mashamba. Hata leo eneo hilo lina takriban hekta 500. Watu wa Unguja na Pemba wangeweza kuliita shamba, kwa maana yao ya kale inayojumuisha nyumba ya mwenyewe na miti yake, lakini mwanafunzi wa Mwanza atafikiria mahindi na pamba. Tumia "milki". Neno hilo ndilo Bi Tarehe alilolitumia hapo juu, na ndilo linaloeleza alichokipigania Marie-Madeleine de Castille alipokuwa Limoges.