Nyumba Kumi yetu Nakuru: watu wanaogopa kuripoti, vijana wanataka doria. Tuanzie wapi?

Mpangaji_Nakuru
Wadau, hamjambo. Ploti sita huku kwetu Nakuru tumekubaliana kufufua Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kushirikiana na polisi kulinda mtaa, maana nyumba zinavunjwa mchana watu wakiwa kazini. Kuna mambo mawili yanatukwamisha. Wengi wanaogopa kuripoti, wanasema jina la aliyesema halikawii kuwafikia wahusika. Nao vijana wanataka tuchange pesa waanze doria ya usiku na marungu, halafu OCS (mkuu wa kituo cha polisi) ajulishwe baadaye. Wenye ujuzi, mambo haya hupangwa vipi?

Katibu_Nyalenda
Doria ya usiku itazuiaje wizi wa mchana? Hapo mmeshaona kwa nini si pa kuanzia.

Anzeni na orodha ya nyumba. Mpango huu ulipoletwa Kenya mwaka 2013, mfano ulitoka kwa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, lakini hiyo kumi si hesabu ya kushikilia. Ploti moja yenye vyumba 20 na geti moja ni kundi tosha. Chagueni mwenyekiti, katibu, na mtu anayeshinda pale mchana. Mama anayeuza mboga getini atawafaa kuliko vijana watano wa usiku, kwa kuwa anajua nani mpangaji na nani mgeni. Majina yapitie kwa mzee wa mtaa hadi kwa naibu chifu, kisha ombeni kikao na OCS kabla ya jambo lingine lolote. Mkifika, ombeni namba ya simu ya kituo. Namba ya afisa mmoja huhama naye akipewa uhamisho, na mtagundua hivyo saa nane usiku.

Kila nyumba iandike namba ya utambulisho (serial) iliyoko mgongoni mwa televisheni, na IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu (bonyeza *#06#). Hili watu hulipuuza sana. Polisi wakifanya msako wakute televisheni nne chumbani, utasema yako ni ipi? Zote ni nyeusi, za inchi 32. Bila namba inabaki kielelezo kisicho na mwenyewe, na mshukiwa anasema alinunua.

Dawati_la_Ripoti
Kuhusu majina kuvuja: tofautisheni mtoa habari na shahidi. Mtoa habari anaonyesha njia tu, polisi watafute ushahidi wao wenyewe. Halazimiki kuandikisha taarifa, na Sheria ya Ushahidi haimlazimishi afisa kutaja alikoipata habari. Laini ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai), 0800 722 203, ni ya bure na unaweza kuongea bila kujitaja. Shahidi ndiye anayesimama kortini, na akitishwa kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, chini ya sheria ya mwaka 2006.

Msitafute mvujishaji kituoni peke yake. Kundi la WhatsApp la watu 80 lina shemeji wa mshukiwa ndani yake. Humo wekeni tahadhari za jumla tu, habari yenye jina apewe mtu mmoja apige simu. Na picha ya "mwizi" msisambaze kabisa. Mkikosea mtu, mnaweza kujikuta nyinyi ndio washtakiwa.

Habari nayo iwe na nyama. "Kuna vijana wabaya nyuma ya kanisa" haimsogezi afisa hata hatua moja. "Saa tisa kasorobo, wanaume wawili, pikipiki nyekundu, wameingia ploti ya pili kutoka duka la gesi, wametoka na gunia, wameelekea stejini" inamtoa kitini. Namba ya pikipiki ina herufi nne zinazoanza na KM, tarakimu tatu, kisha herufi moja. Andika papo hapo, hata ukipata nusu.

Ukiwa mlalamishi, usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Huwa na nambari ya tukio ikifuatwa na tarehe, mfano 31/14/5/2025. Lakini OB si taarifa! Ni lazima uandikishe taarifa kwa mpelelezi na uisome kabla ya kutia sahihi. Katiba, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, zikiishia nje ya saa za korti basi siku ya korti inayofuata. Kama hakuna aliyeandikisha, anaachiliwa, na mtaa mzima unasema kahonga. Hata kesi ikianza, mlalamishi asipofika kusikizwa, hakimu anaweza kumwachilia mshtakiwa.

Wakili_wa_Mtaa
Marungu yaacheni nyumbani. Raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa zito mbele ya macho yake, ila amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa (Sheria ya Mwenendo wa Jinai, vifungu vya 34 na 35). Kumchapa, kumfungia stoo au kumtoza "faini" hakumo. Akifa mikononi mwa kundi, hata aliyeshika tochi anaweza kushtakiwa kwa nia ya pamoja.

Tena mkiwalipa vijana kulinda, mnagusa Sheria ya Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016, inayotaka walinzi wasajiliwe. Pesa hiyo nunueni kufuli nzito na taa ya geti. Mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaa, ikizimika, andikieni serikali ya kaunti, nakala kwa MCA (mwakilishi wa wadi).

Mpangaji_Nakuru
Asanteni sana. Na afisa akisema gari halina mafuta, tuchange?

Dawati_la_Ripoti
Msichange. Kuandikisha OB ni bure, dhamana ya polisi ni bure. Pigeni 999 au 112, mwandike saa mliyopiga na jina la aliyepokea, kisha mpelekee kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Mkiombwa hongo, IPOA (mamlaka huru ya kusimamia polisi) wanapokea simu kwa 1559.

Katibu_Nyalenda
Na kikao cha OCS kiandikiwe kumbukumbu zenye sahihi. Akihamishwa, anayekuja apate karatasi.