Kutoa vitamini kwenye makapi ya mawese kwa kaboni dayoksaidi

Swali
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Huku Kigoma, baada ya kukamua mawese, nyuzi za chikichi huishia jikoni kama kuni, ilhali bado zina rangi ya chungwa iliyokolea na ukizishika zinaacha mafuta vidoleni. Je, kaboni dayoksaidi ya hali ya supakritiko inaweza kutoa vitamini zilizomo bila heksani, yaani kiyeyushi cha viwandani kinachotokana na petroli? Na vitamini C ya ubuyu je?

Jibu la 1
Kwa nyuzi, inawezekana. Gesi hiyo ikivuka nyuzijoto 31 na mgandamizo wa baa 74 hivi (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida), huingia hali ya supakritiko, yaani huwa si gesi wala kimiminika: hupenya ndani ya mmea kama gesi na kuyeyusha mafuta kama kimiminika. Katika nyuzijoto 40, ukipandisha mgandamizo kutoka baa 100 hadi 300, uzito wa lita moja hupanda kutoka gramu 630 hivi hadi 910, na uwezo wa kuyeyusha huongezeka. Mgandamizo ukishushwa katika chombo cha pili, mafuta hubaki na gesi hurudishwa kazini.

Jibu la 2
Naomba niongezee jambo ambalo ndilo litakaloamua faida. Mafuta na vitamini E hutangulia kutoka, wakati karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka kwa shida na huwa nyingi zaidi katika sehemu ya mwisho. Basi badilisheni chombo cha kupokelea kadiri kazi inavyoendelea. Mkichanganya yote, mtapata mafuta mekundu ya kawaida kwa gharama kubwa mno. Nyuzi zikaushwe vizuri kivulini, kwa sababu mwanga na oksijeni huharibu karotini, kisha zisagwe bila kuwa unga laini unaoshikamana na kuzuia gesi isipite sawasawa.

Ubuyu uacheni. Vitamini C huyeyuka majini, na kaboni dayoksaidi karibu haiigusi kabisa. Mbegu zake, zenye mafuta, ndizo zinazofaa.

Jibu la 3
Usalama nao uzingatiwe tangu mwanzo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na ikivuja hutuama chini na kumkosesha mtu pumzi, kwa hiyo chumba kiwe na feni ya kutolea hewa pamoja na kipimo chenye king'ora.