Naomba ushauri: je, ni lazima mchoraji abaki na mtindo mmoja?

Mchora Mengi: Ndugu wanajukwaa, mimi ni mchoraji nisiyeweza kutulia katika mtindo mmoja: leo nachora uso wa mtu hadi mikunjo ya kope ionekane, kesho napaka na kukwangua rangi kwa kisu mpaka lisibaki umbo lolote. Jumba la sanaa linaloniuzia kazi linanitaka nichague, kwa madai kwamba wanunuzi hawanitambui. Nifanyeje?

Turubai Kuukuu: Mchoraji Picasso alipita kipindi cha kuchora kwa buluu, akazivunja sura kuwa pembe na vipande, kisha akarudi kuchora watu wazima wazima, wala hakuomba ruhusa. Mimi nilianza na vinyago, nikahamia chapa za mbao, sasa nafinyanga, na nyumbani hakuna tena pa kuketi.

Bi Kalamu: Picasso ni Picasso. Philip Guston, aliyejulikana kwa michoro dhahania, isiyo na maumbo ya vitu, alipoonyesha watu waliojifunika kofia za vitambaa huko New York mwaka 1970, wahakiki walimshambulia vikali. Hebu tuambie, ndugu, umetia saini mkataba wowote?

Mchora Mengi: Nimetia. Maonyesho yajayo yatakuwa ya nyuso tu. Lakini sikukubali kuacha mengine, ndiyo maana kazi za kisu naziuza kwingine kwa jina jingine. Juzi nilimaliza moja ya rangi ya mafuta, nene kama kidole, na kesho yake mnunuzi akaichukua ikiwa imekauka. Sioni ninayemdhulumu.

Mzee Kejeli: Basi huombi ushauri, unaomba baraka.

Fundi Brashi: Wakuu, tunachezewa. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, bali kwa kuivuta oksijeni polepole, na yenye unene huo huchukua miezi. Kisa hiki ni cha kutunga.

Mchora Mengi: Nilitia dawa ya kuharakisha. Juu palikuwa pakavu. Ndani sikupasua nikatazama.

Fundi Brashi: Mnunuzi ndiye atakayepaona, uso wa rangi utakapoanza kujikunja.

Bi Kalamu: Kiwe cha kweli au cha kutunga, mkataba una kifungu kinachotaka kazi zako zote zipitie kwao? Kama kipo, hilo jina la pili halitakukinga.

Mchora Mengi: Kipo. Ila nimekwisha kuahidi picha nyingine mbili za kisu, nami nitazipeleka.