Kompyuta inashika wifi ila intaneti hamna, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, kompyuta yangu inashika wifi ya nyumbani vizuri tu lakini haifungui kitu, pale kona ya chini inakaa ile alama ya dunia yenye kialama cha kukataa, na simu mbili ziko kwenye wifi hiyohiyo zinapeta. Nimezima ruta nikawasha, nimeifuta wifi nikaingiza paswedi upya, wapi. Nimecheki IP (anwani ya kompyuta kwenye mtandao) nakuta inaanza na 169.254 wakati simu zina 192.168.1, yaani kompyuta haipewi anwani na ruta kabisa, imejipa yenyewe. Ajabu nikiiwekea kwa mkono 192.168.1.50 nikapingi ruta (kuituma ujumbe wa kujaribu) inajibu, nikirudisha otomatiki inagoma tena. Hapo tatizo ni DHCP ya ruta (ile inayogawa anwani) au Windows yenyewe? Nianzie wapi jamani, kesho asubuhi nina kazi ya kutuma.