Usinunue kwanza, naandika

Idi: Shikamooni wakubwa. Kuna hisa nimeonyeshwa, moja senti 8 tu. Wiki iliyopita ilikuwa 5. Ikifika dola moja tumetoka kimaisha. Anayetaka kuunganishwa aseme mapema.

Shangazi Rehema: Marahaba. Senti nane? Hiyo hata mimi naimudu.

Zuhura: Ndipo wanapotunasia hapo shangazi 😂

Baba Mdogo: Idi umeshanunua?

Idi: Bado Baba Mdogo. Kesho asubuhi.

Baba Mdogo: Usinunue kwanza, naandika. Natumia kidole kimoja, mnivumilie.

Baba Mdogo: Ile hela niliyowaambia "imefungwa mahali" haikufungwa popote. Iliisha. Nilinunua hisa 20,000 za kampuni ya kutafuta madini kwa senti 12. Saa hiyohiyo aliyekuwa tayari kuzinunua kwangu alikuwa anatoa senti 10. Dola 400 zimeshakwenda na bei haijashuka hata kidogo.

Shangazi Rehema: Sijaelewa Salim. Umenunua 12, kwa nini uuze 10?

Zuhura: Bei huwa mbili shangazi. Anayeuza anataka 12, anayenunua anatoa 10. Kampuni kubwa ina wanunuzi wengi, pengo linakuwa jembamba sana. Kwenye hizi za bei chee watu ni wa kuhesabu, pengo linakula.

Idi: Si ikipanda unalifidia?

Baba Mdogo: Ilipanda! Ilifika 19. Nikapiga hesabu nina 3,800, nikaanza kutembea kwa mikogo.

Mama Idi: Nakumbuka. Simu ulikuwa hupokei.

Baba Mdogo: Nisamehe shemeji. Nikaweka zote sokoni kwa 19. Zikauzika 1,500, basi. Nikashusha hadi 17, kimya. Kumbe ile 19 ni mtu mmoja tu alikuwa amenunua chache, mimi naiangalia kwenye skrini naiita hela yangu.

Zuhura: Nani alikuonyesha hiyo kampuni?

Baba Mdogo: Kikundi kama hiki, ila watu 900 na simjui hata mmoja. Kila asubuhi "leo inaruka". Waliokuwa wanaipigia debe walishanunua zamani kwa bei ya chini, wakawa wanatafuta wa kumwuzia. Wewe Idi umeonyeshwa na nani?

Idi: Kikundi

Idi: Kina watu 1,100 lakini

Shangazi Rehema: 😂😂😂

Idi: Jamani, senti 8 ni rahisi. Kuna kampuni hisa moja dola 200.

Zuhura: Urahisi haupimwi hivyo. Hiyo yako ina hisa ngapi kwa jumla?

Idi: Bilioni 2

Zuhura: Zidisha kwa senti 8.

Idi: Milioni 160

Zuhura: Dola, ndiyo bei ya kampuni nzima. Haya, mwaka jana iliuza nini, ikapata kiasi gani?

Idi: Natafuta

Idi: Taarifa ya mwisho ya hesabu ina miaka miwili

Zuhura: Basi hiyo ni ghali mno. Marekani, hisa za chini ya dola 5 zisizo kwenye masoko makubwa, dalali anayekushawishi ununue lazima kwanza akupe hati ya maonyo. Wewe umepewa nini? Emoji za roketi.

Baba Mdogo: Sijamaliza. Iliposhuka hadi 6 nikaongeza hisa 10,000, eti nashusha wastani wa bei niliyonunulia. Wastani ulishuka kweli, hasara ikakua. Kampuni nayo haina mauzo, mishahara inalipwa na nini? Ikatoa hisa mpya ikauza, fungu langu likazidi kuwa dogo. Mwisho wakaunganisha kila hisa 50 kuwa moja. Nikaamka bei imetoka senti 2 imekuwa dola nzima, nikapiga kelele chumbani peke yangu. Kuangalia idadi, hisa zangu 28,500 zimekuwa 570.

Shangazi Rehema: Kwa hiyo una dola 570.

Baba Mdogo: Siku ile. Nilikuja kuziuza kwa chini ya nusu ya hapo.

Idi: Niseme ukweli?

Zuhura: Umeshanunua.

Idi: Juzi. 3,000 tu, za kujaribia

Baba Mdogo: Weka 500 sokoni sasa hivi kwa hiyo senti 8 unayoiona. Usibishane na mimi, weka tu.

Shangazi Rehema: Nani kabadilisha picha ya kikundi? Irudisheni ile ya zamani.

Zuhura: Idi?

Idi: Zipo tu. Mnunuzi aliye karibu na bei yangu anatoa 6

Idi: Nimeuliza kule kikundini kwa nini haziuziki, wamenitoa

Baba Mdogo: Na mimi walinitoa hivyohivyo.

Mama Idi: Salim. Hizo 10,000 kwa senti 6 ni dola 600.

Baba Mdogo: Ndiyo shemeji.

Mama Idi: Na mimi nilikukopesha 600 za kutengeneza gari.

Zuhura: 👀

Mama Idi: Naona unaandika. Andika tu, nasubiri.