Faini ya kujisaidia ovyo: aanze kulipa mkojoaji au aliyefunga choo?

mfereji_wazi
Wadau, tujadili. Kila kikizuka kipindupindu wakuu wanatoka na dawa ileile: faini kwa anayejisaidia ovyo, anayetupa taka mtaroni, anayetema mate. Kesho yake picha za waliokamatwa. Serikali inapata wapi ubavu wa kumtoza mtu ambaye haikumpa pa kwenda? Viwango vya Sphere, vinavyotumika kwenye dharura, vinataka sokoni kuwe na tundu moja la choo kwa vibanda 50, na hali ikitulia tundu moja kwa vibanda 20. Basi kabla ya kitabu cha faini kufunguliwa, ubaoni paandikwe matundu ni mangapi, mangapi yako wazi leo, maji yalitoka saa ngapi, karo (tangi la majitaka la chini ya ardhi) lilinyonywa lini. Pasipo hayo, faini ni kodi ya kibofu. Na mabwana afya nao, wengi siku hizi wanakagua kwa macho na kuondoka na risiti.

kibano
"Haikumpa pa kwenda" ni deko tu. Choo kinajengwa, wiki mbili koki imeng'olewa, mlango umegeuka kuni, na shimoni kuna chupa, matambara na mawe. Kaweka waziri? Singapore asiyevuta maji kwenye choo cha umma anatozwa, na bigijii walipiga marufuku kuingiza tangu 1992. Nidhamu haiji kwa ubao. Anayekojoa ukutani leo ndiye anayetuletea kipindupindu kesho. Atozwe, na kama hana hela afagie soko.

vibrio_halisi
Kibano, hapo umechemka. Mkojo hauleti kipindupindu. Kijidudu chake kinatoka kwenye kinyesi na matapishi, kinaingia kwa maji au chakula. Ukuta ukinuka unanuka tu, haumuui mtu kwa kuhara. Ukitaka kutunga sheria ya afya, jua kwanza unakinga nini, usije ukawatoza watu kwa sababu ya pua yako halafu ukaiita kinga.

kibano
Kumbe mkojo ni marashi! Haya, tuufungie chupani tuuze. Watu mnaosoma sana mna shida moja, mnatetea uchafu kwa Kilatini. Kichocho nacho kinatokana na nini, machozi?

konokono_wa_ziwa
Kichocho cha kibofu ndiyo, mayai yanatoka na mkojo. Lakini lazima yafike kwenye maji yasiyo ya chumvi, yaanguliwe, vijidudu wampate konokono wa jenasi Bulinus, wakae ndani yake wiki kadhaa, ndipo watoke wakitafuta ngozi ya mtu aliyeingia majini. Ukutani Bulinus anafanya nini, anapaka rangi? Mkamate anayekojoa bwawani mnapofulia, hapo nitakusaidia kuandika risiti.
Ila vibrio_halisi naye asijimwage. Homa ya matumbo bakteria wake anaweza kutoka kwenye mkojo wa aliyeambukizwa. Usiseme mkojo ni salama, sema si njia ya kipindupindu.

vibrio_halisi
Nilisema kipindupindu. Rudi juu usome.

risiti_mkononi
Nimekaa kimya hadi hapa. Mfereji_wazi, "wanakagua kwa macho" umeitoa wapi? Nikuandikie kazi yetu mabwana afya ilivyo, useme kama macho yanatosha.

Kupima mabaki ya klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyobaki majini, kwenye bomba: acha maji yatiririke kwanza, unataka ya kwenye mtandao na si yaliyolala kwenye koki. Suuza kichupa cha kipimo mara tatu kwa maji hayohayo. Jaza hadi alama ya mililita 10. Tia kidonge cha DPD namba 1, kile kinachogeuza maji yenye klorini kuwa waridi, moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake. Ukikishika kwa vidole majibu yanaharibika. Kiponde, funika, tikisa, soma rangi papo hapo kwenye mwanga wa mchana. Waridi ikikolea, klorini ipo. Ukichelewa rangi inazidi kupanda na unaandika uongo bila kujua. Ukichanganya ukatia namba 1 na namba 3, umepima jumla ya klorini, siyo ile huru inayoua vijidudu. Na kuna mtego mmoja unaowakamata hata wakongwe: klorini ikizidi mno inaifuta rangi yenyewe. Waridi inatokea kufumba na kufumbua, kisha maji yanabaki hayana rangi. Asiyejua anaandika sifuri na kuagiza waongeze dawa. Hapo zimua sampuli kwa maji yaliyotoneshwa (ya mvuke uliopozwa), pima tena, zidisha.

Sasa niambie hayo yanafanyika kwa macho gani.

mfereji_wazi
Andiko zuri, mkuu, sikatai. Ila hujajibu: kisha namba inakwenda wapi? Inaandikwa daftarini, daftari linaingia kabatini, na mwenye kunywa maji hajui kama leo ni 0.5 au sifuri.

kopo_na_kata
Na hiyo 0.5 ni ya wapi? Nakumbuka kiwango ni 0.2.

risiti_mkononi
Vyote viwili, ndugu. WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema 0.5 miligramu kwa lita baada ya dakika 30 za klorini kukaa na maji, pH (kipimo cha utindikali) ikiwa chini ya 8. Hiyo 0.2 ni ya chini kabisa pale mteja anapokinga. Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu unapandisha: 0.5 kila mahali kwenye mtandao, 1 kwenye vioski, 2 kwenye gari la maji wakati wa kujaza, kwa sababu njiani inapungua. Na maji yakiwa na tope usijisumbue na mahesabu, tope linaila klorini kabla haijafika kwa mdudu. Yachujwe au yatuamishwe kwanza.

kibano
Mada ilikuwa mtu na zipu yake, sasa tuko maabara. Hongereni.

mfereji_wazi
Ndipo ilipo mada, Kibano. Mtu na zipu anaonekana, namba haionekani, kwa hiyo anakamatwa mwenye zipu. Chukua Walkerton, Ontario, Kanada, Mei 2000. Mji wa watu kama 5,000. Mvua kubwa ilisomba samadi hadi kwenye kisima namba 5, E. coli, bakteria wa kinyesi, ikaingia bombani. Walikufa watu 7, waliougua walipita 2,000. Hakuna aliyekojoa ukutani. Waendeshaji wa mitambo walikuwa hawapimi klorini kila siku, wanajaza daftari kwa kubuni, 0.5 na 0.75, 0.5 na 0.75, nadhifu kama madaftari ya darasa la kwanza. Daftari la klorini ambalo namba hazitikisiki mwezi mzima linanuka kuliko ukuta wako.

kibano
Na waliojaza uongo walihukumiwa, au sivyo? Basi ni watu wawili wahuni, siyo serikali. Tabia mbaya ileile ninayoisema mimi, tofauti wao wamevaa ovaroli.

vibrio_halisi
Tume ya Jaji O'Connor iliyochunguza Walkerton haikuishia kwa wale wawili. Iliigusa serikali ya jimbo pia: ilipunguza bajeti ya ukaguzi, 1996 ikatoa kazi ya maabara kwa watu binafsi, na haikuweka sheria ya kuilazimisha maabara binafsi imjulishe ofisa wa afya ikiona maji mabovu. Majibu mabaya yalikwenda kwa meneja wa waendeshaji walewale waliokuwa wakibuni namba, naye akayakalia siku kadhaa. Ukimfunga meneja bila kubadili njia ya karatasi, wa kesho atayakalia vilevile.

konokono_wa_ziwa
Mkitaka kujisaidia ovyo kwa kiwango cha juu, kuna Haiti, Oktoba 2010. Majitaka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais yaliingia kijito cha Meille, kikamwaga mto Artibonite, ambao watu wanakunywa na kumwagilia. Vifo karibu 10,000 kwa miaka iliyofuata. Walioshtaki waliambiwa kuna kinga ya kisheria. Ban Ki-moon aliomba radhi Desemba 2016. Kibano, kitabu chako cha faini kina ukurasa wa hao?

kibano
Hao si raia wa sokoni. Mnakimbilia mbali kwa kuwa karibu hamna hoja.

kufuli_kwa_ndani
Posti zote hizi, kaka zangu, na mkojo wenu ni wa mwenye ukuta tu. Mwanamke hana ukuta. Anabana tangu asubuhi, au hanywi maji, ndiyo "nidhamu" mnayoisifu. Sphere hiyohiyo inasema matundu matatu ya wanawake kwa moja la wanaume. Nendeni mkahesabu mkute nusu kwa nusu, tena upande wa wanaume una mkojoleo wa ziada ambao hauhesabiwi. Na tundu lisilo na kufuli kwa ndani ni pambo. Linahitaji kufuli, mwanga, msumari wa kutundika mkoba, maji humohumo ndani, na ndoo yenye kifuniko kwa pedi. Hiyo ndoo ikikosekana pedi inatumbukizwa, inavimba, inakwama kwenye kona ya bomba inayoshika maji, na mnaandika ripoti kwamba "wananchi wameharibu choo".

kibano
Dada, pedi sikuisema. Nilisema chupa na mawe.

kufuli_kwa_ndani
Ulisema matambara. Unadhani tambara lilikuwa la nini?

kopo_na_kata
Ameshikwa hapo, hahaha.

risiti_mkononi
Dada kasema kweli, na niongeze lisilosemwa kwenye mikutano. Choo cha umma hakifungwi na wahuni, kinafungwa na karo. Fanyeni hesabu: watu 600 kwa siku, kila mmoja lita 2 kati ya haja, kunawa na kumwagia. Ni lita 1,200. Karo la lita 6,000 linajaa siku ya tano kama shimo la kunyonyesha maji ardhini limeziba, na linaziba kwa sababu mafuta na tope vilipita kwenye karo lisilonyonywa kwa wakati. Fundi alilipwa kujenga, gari la majitaka halikuwekewa fungu. Mtunza choo anafanya nini? Anaweka kufuli na kuandika "MATENGENEZO". Kufuli la nje hilo, siyo la kwa ndani.

Kosa lingine, akiona harufu anamwaga klorini nyingi tunduni. Harufu inatulia siku moja, bakteria wanaosaga kinyesi ndani ya karo wanakufa, karo linajaa upesi zaidi. Klorini ni ya sakafu, mlango na koki: unga wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita moja ya maji, unapata asilimia 0.5. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, kwa kuwa juu ya uchafu klorini inaishia kwenye uchafu. Ya jana imwagwe, ichanganywe mpya, isikae juani. Na kamwe isikutane na dawa ya choo yenye tindikali, hewa inayotoka hapo inachoma mapafu.

mfereji_wazi
Ndiyo maana nilitaka tarehe ya kunyonya karo iwe ubaoni! Mkuu, umenipinga ukurasa mzima kumbe tuko upande mmoja.

risiti_mkononi
Sikupingi kwenye ubao. Napinga "kukagua kwa macho na kuondoka na risiti". Hujaifuta.

mfereji_wazi
Nimesema wengi, sikusema wote.

risiti_mkononi
Basi taja hesabu ya hao wengi, wewe unayependa hesabu ubaoni.

kibano
Waungwana, naomba tuelewane. Karo linyonywe, sawa. Kufuli la dada liwekwe, sawa. Siku vyote vipo na jamaa bado yuko ukutani, tunamfanya nini?

vibrio_halisi
Siku hiyo mtoze, kwa kosa la kuchafua mahali pa watu, na liandikwe hivyo. Usiandike "kukinga kipindupindu". New York walipiga marufuku kutema mate 1896 kwa ajili ya kifua kikuu, wakati ugonjwa unapita hewani mtu anapokohoa. Sheria ikibeba sababu isiyo yake, anayetakiwa kushughulika na sababu yenyewe anapumzika.

kibano
Yaani umekubali faini. Imechukua ukurasa mzima.

vibrio_halisi
Nimekubali kwa masharti ambayo hujayasoma: vyoo viwepo kwanza, na kosa liandikwe lilivyo.

kopo_na_kata
Mimi bado nina swali kwa risiti_mkononi. Hiyo 0.2 unaipima kwenye bomba la mwisho la mtandao au kwenye tangi la juu ya choo? Maana tangi likikaa juani siku nzima klorini imeshakwenda, na watu wananawia yale ya tangi.

risiti_mkononi
Kote kote. Tofauti ya namba mbili ndiyo inakwambia kosa ni la mamlaka ya maji au la mwenye choo. Bomba likisoma 0.4 na tangi sifuri, tangi limekaa bila kufunikwa au lina utando kwa ndani: limwagwe, lisuguliwe, lijazwe upya. Bomba likisoma sifuri, usimguse mtunza choo.

kufuli_kwa_ndani
Na kopo la kumwagia lifungwe kwa mnyororo au liachwe huru? Msinijibu kwa Kilatini.

kibano
Mnyororo. Huru litaibwa.

kufuli_kwa_ndani
Mnyororo wenu huwa mfupi, kopo halifiki tunduni.